Duara la Mita Saba

Mzee Chokaa hakuwa mzee. Alikuwa na miaka arobaini na sita, meno yote kinywani, na nguvu za kusukuma toroli la mchanga kutoka getini hadi uwanjani bila kupumzika. Jina alilipata kazini. Alitunza uwanja wa mpira wa shule ya wasichana na kuuchora mistari, na kila Ijumaa jioni alirudi nyumbani mweupe kuanzia nyusi hadi kandambili. Wanafunzi walianza kumwita hivyo, walimu wakafuata, na mwishowe hata mhasibu siku ya mshahara aliita Chokaa, naye akaitika. Mistari yake ilinyooka. Timu za shule nyingine zilikuja kucheza pale kwa sababu ya uwanja wake, na mashindano ya mwaka huo yalipangwa kufanyika hapo hapo, Jumamosi nne mfululizo.

Golikipa wa timu ya shule alikuwa binti yake. Wenzake walimwita Sumaku kwa jinsi mpira ulivyokuwa ukimganda mikononi. Shule ile haikujengwa kwa ajili ya watoto wa watunza uwanja. Ada ya muhula mmoja ilikuwa mshahara wa Chokaa wa miezi mitano, asile, asivae. Sumaku alisoma pale kwa nafasi ya michezo. Kulikuwa na wafadhili waliowalipia wasichana sita kwa sharti moja tu, wacheze. Alikuwa mwaka wa tatu, bado mmoja afanye mtihani wa mwisho, na kwenye hisabati aliwaburuza hata watoto wa walimu. Baba yake hakuwa na mpango mwingine wowote wa maisha ya mtoto huyo. Mpango ulikuwa ni huo, amalize.

Sasa tuje kwenye sala. Karibu miaka mitatu nyuma basi la timu lilipinduka likiwa njiani kutoka kwenye mechi, likalala chali mtaroni, na wasichana wote wakatoka madirishani na michubuko tu. Kocha alikuwa ndani. Tangu siku ile hakuna mechi iliyoanza bila timu kushikana mikono na yeye kuomba kwa sauti, na nani angemlaumu? Alikuwa mtu mwema, hilo lisemwe mapema ili tusimwonee. Glavu za Sumaku alizinunua kwa pesa yake ya mfukoni.

Nyumbani kwa Chokaa, hata hivyo, Mungu hakuombwa kwa sauti. Mkewe, fundi cherehani, alizaliwa katika kidhehebu cha watu wasiofika sitini, waliokutana kwenye chumba cha kupanga, wakakaa kwenye viti vya plastiki na kunyamaza saa nzima. Majirani waliwaita Mabubu. Kila jioni kabla ya kula, baba, mama na binti walikaa kimya kidogo, kila mtu na Mungu wake, chakula kikipoa. Mama mtu alisema kwamba Mungu anajua unachotaka kabla hujafungua mdomo, na kwamba kumwomba akupe goli ni kumtuma dukani. Chokaa aliingia humo kwa ndoa. Kwenye ule ukimya yeye alifikiria nyasi, wapi zimekauka na wapi zimetoboka, lakini hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Basi Sumaku, wenzake wakishikana mikono, alisimama mwisho wa benchi karibu na ndoo ya maji na kufunga glavu zake. Kocha alimwuliza mara moja, mwaka wa kwanza, naye akaeleza. Kocha akasema sawa, hapa hakuna kulazimishana. Miaka mitatu ilipita hivyo na hakuna aliyehesabu nani yuko wapi.

*

Jumamosi ya kwanza ya mashindano wafadhili wenyewe walikuwa wanakuja. Siku mbili kabla, kocha alimfuata Chokaa stoo ya vifaa akamweleza shida yake. Wasichana wakienda kusali hujazana ovyo, huyu mgongo, yule ubavu, na safari hii kutakuwa na mpiga picha. Aliomba achorewe duara mbele ya benchi, ili kila mmoja asimame mstarini na picha itoke vizuri.

"Kama la katikati ya uwanja, ila dogo," alisema. "Mita tatu zinatosha, mzee wangu."

Chokaa alisema hakuna tabu. Aliposhinda peke yake uwanjani Ijumaa hiyo, na kigingi chake na kamba yake, ndipo tabu ilipomjia. Bila mstari, mtu aliyesimama karibu na ndoo alikuwa tu mtu aliyesimama karibu na ndoo. Ukichora mstari, atakuwa nje. Wageni watamwona, picha itamwona. Mkono wake yeye, baba, ndio utakaokuwa umemtoa.

Alizunguka kigingi akiwaza. Akapima kwa hatua kutoka pale hadi kwenye ndoo, akapata sita na kidogo. Hapo likamjia wazo lililomfanya acheke peke yake, wazo ambalo lingeweza kumjia mchora mistari tu na si mtu mwingine yeyote duniani. Alifunga kamba kwenye mita saba. Akachora duara moja kubwa, safi, lililozunguka benchi, ndoo, begi la dawa na pale alipozoea kusimama binti yake. Angekuwa ndani bila kuingia. Hakumwambia mkewe wala mtoto, maana jambo jema, kwa maoni yake, haliharibiki ila kwa kusemwasemwa.

*

Jumamosi ilifika na jua lake. Wageni walikaa kwenye viti vyenye vitambaa, kocha akapuliza filimbi, wasichana kumi na tisa wakakimbilia duarani. Wakalikuta kubwa mno. Wakijipanga kwenye mstari mikono haikufikiana. Wakisogea katikati ili waishike, walionekana kama vifaranga walioachiwa banda la ng'ombe. Baadhi ya wageni walicheka, si kwa ubaya. Kocha alimtazama Chokaa kwa mbali akainua mabega, kisha akawaambia wasichana wasogee, wainame.

Sumaku alikuwa kwenye ndoo, glavu moja mkononi. Kicheko kikamfanya aangalie chini. Akauona mstari, akaufuata kwa macho ukipita nyuma ya benchi, nyuma ya visigino vyake mwenyewe, ukirudi kuzunguka upande wa pili. Hakuhitaji kuelezwa. Toka akiwa na miaka mitano alikuwa akimshikia baba yake kigingi, na alijua kwamba Chokaa hakosei kipimo.

Alimtafuta baba yake kwa macho akampata kwenye kona, amesimama na ndoo yake ya chokaa, anatabasamu kidogo. Akaokota glavu ya pili. Akaruka mstari kwa hatua moja pana, akasimama nje, peke yake, mbele ya watu mia tatu, akaendelea kujifunga.

Kocha alikuwa ameshaanza kuomba. Akasita katikati ya sentensi, kisha akaendelea. Mpiga picha alipiga.

Mechi ile walifungwa moja bila. Mpira wenyewe ulikuwa wa kawaida, shuti la mbali lisilo na kichwa wala miguu, ukamgusa Sumaku vidoleni ukaingia. Ndivyo mpira ulivyo, magolikipa wote duniani wanalijua hilo. Lakini kabla wageni hawajamaliza soda zao, maneno yalikuwa yameshapita benchi zima kwamba yule ameruka mstari wa sala makusudi, na Mungu si mjinga. Nahodha, msichana mpole kabisa aliyekuwa akinakili hesabu za Sumaku tangu mwaka wa kwanza, alikwenda kwa kocha akilia, akamwomba asimpange tena. Alisema hamchukii, ila anaogopa. Kabla ya mechi ijayo wangekwenda kwa basi kufanya mazoezi ugenini, na yeye alikuwemo kwenye lile lililopinduka.

Njiani kurudi nyumbani Chokaa alijaribu kueleza alichokusudia. Sumaku alimsikiliza mpaka mwisho.

"Najua, baba," alisema. "Lakini ungeniuliza."

*

Jumatano Chokaa aliitwa ofisini. Katibu alimwambia asubiri nje, kwenye benchi la wanafunzi waliochelewa, akakaa hapo na wasichana wanne waliomwamkia kwa heshima na kusogea ili chokaa isiwaguse sketi. Alisubiri vipindi viwili. Alipoingia, hakuketi kwenye kiti cha kitambaa. Alibaki amesimama mpaka Mwalimu Mkuu alipomwonyesha kigoda cha kufikia makabati ya juu. Kilikuwa kifupi, na alipokaa meza ilimfika kidevuni.

Mwalimu Mkuu alikuwa na ile picha mezani. Ilikuwa picha nzuri. Duara lilionekana lote, jeupe juu ya nyasi, wasichana wamebanana katikati, na nje yake mtoto mmoja ameinama kwenye glavu zake. Alieleza kwamba wafadhili hawakulalamika, hasa. Waliuliza tu. Waliuliza kama yule naye ni mmoja wa wale sita wao. Kocha kwa sasa amempumzisha, timu haina amani. Na nafasi ya michezo, mzee anaelewa, ni ya mchezaji. Muhula ukiisha mtu hachezi, kamati haitakuwa na namna.

Chokaa aliuliza kama mwanawe anafukuzwa.

"Hakuna anayemfukuza mtu, mzee."

"Basi analazimishwa kusali?"

"Hakuna anayemlazimisha. Kocha mwenyewe amekataa katakata jambo hilo."

"Sasa, Mwalimu, mtoto wangu kamkosea nani?"

Mwalimu Mkuu alivua miwani akaiweka juu ya picha. Hakuwa mwanamke mkali, na siku ile alionekana hakulala vizuri.

"Hajamkosea mtu," alisema. "Na hakuna aliyemkosea yeye. Ndiyo maana nashindwa pa kushika."

Chokaa alitafuta mtu wa kumkasirikia humo ndani na hakumpata. Kama wangemtukana angejua la kufanya. Alishukuru, kwa mazoea, akainuka, akaona kigoda kimebaki na alama mbili nyeupe za makalio yake. Akazifuta kwa kiganja, zikasambaa zaidi.

*

Nyumbani mkewe alisikiliza yote bila kusimamisha cherehani. Alikuwa anashona sare za mtoto wa mtu mwingine. Alisema mwacheni mtoto, hajaiba, hajatukana. Mungu hana haraka.

"Ada ina haraka," alisema Chokaa.

"Utamwambia aombe kwa uongo?"

"Nitamwambia asimame na wenzake dakika moja. Wewe umesimama mistari mingapi usiyoiamini? Benki umesimama. Hospitali umesimama."

Mkewe akasimamisha cherehani hapo. Alimwambia, polepole, kwamba yeye hakusoma hata nusu ya alichosoma huyo mtoto, na hakuwahi kumpa kitu chochote kinachogusika. Nguo zake zenyewe ni vipande vilivyobaki kwenye vitambaa vya wateja. Kitu kimoja tu alimpa. Chokaa akaelewa ni kipi, ule ukimya wa jioni. Lakini ukimya haulipi ada.

Kesho yake alimkuta binti yake nyuma ya goli la kaskazini, amekaa chini, anatazama wenzake wakifanya mazoezi na golikipa wa akiba, mtoto aliyeogopa mpira waziwazi. Chokaa alikuwa na brashi na kopo la rangi ya milingoti. Akapaka kidogo, akapaka tena palepale. Kisha akamwambia asimame tu nao. Afumbe macho. Wakisema amina aseme amina. Neno halimchubui mtu.

"Wewe ungesimama, baba?"

"Ningesimama."

"Kwa sababu unaamini, au kwa sababu huamini?"

Chokaa alitazama brashi. Kwa mara ya kwanza alimwambia mtu kuhusu nyasi, kwamba miaka kumi na tisa amekaa kwenye viti vile vya plastiki akifikiria mbolea. Alitarajia acheke. Sumaku hakucheka. Alimtazama muda mrefu, kwa huruma, kama yeye ndiye mzazi, na hilo lilimwumiza Chokaa kuliko kama angezomewa.

"Mwaka mmoja, mwanangu," alisema. "Umebaki mwaka mmoja. Mimi sina pengine pa kukupeleka. Ningekuwa napo nisingekuja kukuambia haya."

Sumaku akasimama, akajipangusa nyasi, akasema sawa.

*

Jumamosi ya pili Chokaa alichora duara la mita tatu. Alichora vizuri, mkono wake haukujua kuchora vibaya. Kocha alikuwa ameambiwa na nahodha kwamba Sumaku amekubali, na asubuhi yote alimzungukia Chokaa kwa furaha isiyofichika, akimshika bega, akimwita mlezi wa kweli.

Filimbi ikalia. Wasichana wakaenda, na Sumaku akaenda nao, akavuka mstari kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi. Nahodha akamshika mkono wa kulia na kuubana. Watu kwenye viti walinyamaza, maana habari ilikuwa imeshasambaa. Yangeishia hapo, Chokaa angepata alichokiomba na pengine wangepona wote. Lakini kocha machozi yalikuwa yakimlengalenga, na mtu mwema akifurahi hana breki.

"Leo," alisema kwa sauti ya kufika jukwaani, "namwomba dada yetu huyu atuongoze."

Alidhani anampa heshima. Alidhani ni zawadi kubwa kuliko glavu.

Sumaku akainua uso. Hakumtafuta baba yake safari hii, ingawa Chokaa alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Alikaa kimya. Kimya kikarefuka, mtu akakohoa jukwaani, na kwa kitambo kidogo Chokaa alitumaini kwamba atasali kwa namna ya nyumbani, kwamba atawanyamazisha wote hivyo hivyo mpaka refa achoke. Kisha Sumaku akafungua mdomo.

Aliomba vizuri. Aliomba kuliko kocha. Miaka mitatu alikuwa amesimama kando akifunga glavu, na maneno yote yalikuwa yameingia kichwani bila kualikwa: Baba uliyetutoa mtaroni, tutangulie uwanjani, tunaweka miguu yetu mikononi mwako, wabariki waliotushika mkono, uwaongezee walipotoa. Alipanda pale kocha anapopanda na kushuka anaposhuka. Akawataja wafadhili. Akamtaja mzee wetu Chokaa, aliyetuandalia mahali pa kusimama. Akaomba ushindi, kwa neno hilo hilo, ushindi. Amina iliyoitikiwa ilitoka kwa wachezaji, viti vyenye vitambaa na mpaka wauza karanga wa nje ya uzio.

Chokaa naye aliitikia. Ilimtoka tu.

Walishinda mbili bila, na Sumaku akaokoa penalti kwa kidole cha mwisho. Walimbeba. Mfadhili mmoja, mama mwenye kofia pana, alishuka kwenye jukwaa kumpa mkono Chokaa, akasita kidogo kwa sababu ya chokaa, kisha akampa. Alimwambia amelea. Kocha alimkumbatia mbele ya watu wote, akatoka na kifua cheupe.

"Umeona, mzee wangu? Umeona Mungu anavyojibu?"

Chokaa akasema ameona. Mwalimu Mkuu, kutoka kwenye kiti chake, alimpungia mkono kwa mbali, na ishara ilieleweka. Mambo yamekwisha. Mtoto angemaliza.

*

Jioni mama mtu hakuuliza kitu. Alikuwa ameshasikia; mtaani habari ilifika kabla yao, na jirani mmoja alikuwa amechungulia dirishani kumpongeza kwamba Mabubu wameanza kusema. Aliandaa chakula, akafunika, akavuta viti vitatu kama kila siku.

Chokaa alinawa akakaa. Mkewe akakaa. Sumaku alibaki amesimama mlangoni na jezi yake chafu mkononi.

"Njoo, mwanangu," alisema mama yake. "Njoo tukae."

"Nyie kaeni. Mimi nafua."

"Jezi itasubiri."

"Nimeshasali leo, mama." Alisema bila hasira, na laiti angekuwa na hasira. "Nimesimama nikamwambia Mungu mambo nisiyoyaamini, na watu mia tatu wakaitikia amina. Nikija kukaa hapo nikanyamaza, nitakuwa nimenyamaza tu."

Akatoka. Chokaa alitaka kusema kwamba ni mwaka mmoja, kwamba baadaye atakuwa na maisha yake na ataomba anavyotaka au asiombe kabisa, kwamba hakuna baba ambaye angefanya vingine. Yote yalikuwa kweli, na aliyajua kuwa ni kweli.

Akamgeukia mkewe ili waanze, wao wawili. Alifumba macho yake kabisa. Safari hii hakufikiria nyasi. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake alikuwa na jambo la kumwambia Mungu, na alingoja ule ukimya uje.

Badala yake alisikia kifuniko kikiondolewa. Mkewe alikuwa amesimama, anapakua sahani tatu, haraka haraka, kama mama yeyote wa mtaa ule mwenye watu wenye njaa.

"Kula," alimwambia. "Kitapoa."